Kuku wa urembo wamefika, wataingiaje bandani?

SWALI: Asalam aleikum shangazi. Niko hapa Kisauni, nna kuku wa kienyeji sita na jogoo wao, wanakaa uwani nyuma ya nyumba, si pakubwa, ni hapo baina ya ukuta na tangi la maji. Juzi mume wangu kaniletea zawadi, silki wawili weupe kama pamba na polishi mmoja mwenye kishungi kikubwa, wote matembe. Akawatia banda moja na wenyeji usiku, manake aliambiwa ukiwachanganya usiku wakiamka hawajui mgeni ni nani. Asubuhi namkuta polishi kajibanza nyuma ya ndoo kichwa chote damu, na silki hawathubutu kusogelea chakula. Nimewatoa, niko nao jikoni kwa boksi. Na sasa silki mmoja anapiga chafya. Niwarudishe lini? Ama ndo hawatapatana kabisa?
Mama Mapacha, Kisauni

JIBU: Waaleikum salam mwanangu. Umefanya la maana kuwatoa, na usiwarudishe kesho wala wiki ijayo. Watapatana inshallah, lakini ni kazi ya kama wiki sita, na sehemu kubwa ya muda huo haihusu ugomvi hata kidogo, yahusu ugonjwa.

Tuanze na huyo wa damu. Mwoshe kidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, mkaushe, alafu mpake ile dawa ya zambarau ya vidonda ya duka la dawa, uangalie isimwingie machoni. Rangi yenyewe nayo yasaidia, sababu kuku akiona chekundu hajizuii, atadonoa tu, na mwenzake akiona mmoja adonoa naye yuaja, na hapo hata yule kuku mpole unayemlisha mkononi anaweza kumtoboa mgeni mpaka afe. Asikutane na yeyote mpaka kigaga kidondoke na manyoya yaanze kurudi. Na kichwa cha polishi si cha kuchezewa. Chini ya hicho kishungi fuvu limetuna kwa juu, na mara nyingi lina matundu, mfupa haukufunga vizuri, hata Charles Darwin aliliandika hilo 1868 alipochunguza mafuvu ya kuku hawa. Silki wengi nao wako hivyo. Kwa hivyo ile donoa ya utosini ambayo baina ya kuku wako wa kienyeji ni kumwambia tu mwenzake sogea, kwa huyu yaweza kufika kwenye ubongo. Ukimwona anapinda shingo, anazunguka zunguka ama anakwenda kinyumenyume, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje.

Sasa hiyo chafya, ndo imenifanya nikujibu kwa urefu. Mimi nimezika kuku tisa kwa sababu ya jogoo mmoja mzuri. Nilimnunua kwa mtu, mwekundu amejaa, macho makavu, anawika, nikamtia moja kwa moja sababu nilimwona mzima. Siku ya sita mtetea wangu mkubwa akaamka amesimama pembeni amejikunyata, mavi ya kijani, kufika adhuhuri shingo imepinda, na baada ya huyo hata siku mbili hazikupita bila kuchimba shimo. Kideri hicho, na kideri hakina dawa, kina chanjo tu. Kuku wangu nilikuwa nimewapitisha muda wa chanjo, na yule jogoo mwenyewe alibaki mzima anawika, na hilo ndo nataka uliweke akilini, kwamba mgeni anaweza kubeba kitu na asikionyeshe.

Kwa hivyo siku 30 wageni wakae peke yao. Na si jikoni mwanangu, vumbi la manyoya na mavi havikai penye chakula cha watoto. Watafutie ubavu wa nyumba ama baraza, kizimba kidogo cha waya na kivuli juu yatosha. Angalia na upepo. Majira haya ya kusi upepo watoka kusini, basi wageni wakae upande wa kaskazini wa banda ili hewa yao isipite kwa wenyeji, na kaskazi ikianza kuvuma unageuza. Kila asubuhi hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, kila kundi na chombo chake cha maji, na uwe na ndara za kuvaa upande wa wageni tu. Vijisiku vya kwanza utaona ni usumbufu lakini mikono huzoea.

Katika siku hizo unamtazama nini? Povu kwenye pembe ya jicho, uso kuvimba, na usiku nenda taa imezimwa usikilize, kama kuna mlio wa kukoroma kifuani hayo ni mafua ya kudumu, yanatulia kwa dawa lakini kuku hubaki nayo na kuambukiza wenzake, kwa hivyo huyo asiingie kamwe. Kama ni chafya mbili tatu za vumbi la boksi zitakwisha ukimtoa hapo. Mgeuze pia, fungua manyoya chini ya mkia karibu na tundu, mayai ya chawa hushikamana pale kwenye mizizi ya unyoya kama vijiuvimbe vyeupe, na silki kwa yale manyoya yake kama ya paka chawa hufichika usijue. Angalia undu na kando ya macho kama kuna viroboto vyeusi vimeganda. Mpatie beseni la mchanga mkavu na majivu, atajioga mwenyewe. Na kwa vile wote walishalala pamoja usiku mmoja, tazama na wenyeji wako kwa jicho hilo hilo.

Chanjo ya kideri wape wale walio wazima tu, huyo wa chafya angoje. Ni tone la jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kwa joto letu hili ibebe kwenye flaski yenye barafu toka agroveti mpaka nyumbani, ukishaichanganya itumie ndani ya saa mbili, isipofanyika hivyo umedondosha maji tu. Na uulize chanjo ya ndui ya kuku, ile inayochomwa kwenye ngozi ya bawa, manake ndui yaletwa na mbu na mbu Kisauni hawajawahi kwisha.

Siku 30 zikiisha salama ndo twaja kwenye ugomvi. Usifungue geti. Sogeza kizimba cha wageni kiguse banda la wenyeji, baina yao pawe na waya, wakae hivyo wiki mbili. Wanaonana, wanasikizana, wanakula kila mmoja upande wake lakini vyombo viko karibu. Utaona yule mkubwa wa wenyeji, kila kundi lina mkubwa, siku ya kwanza anatuna shingo, anapiga bawa moja chini, anaudonoa waya mpaka unalia, na wageni wamesukumana pembe ya mbali. Siku ya tatu bado. Alafu siku moja, wangu ilikuwa ya tisa, unamkuta huyo mkubwa amewapa mgongo, anachakura zake mchanga, na silki upande wa pili amelala ubavu juani bawa amelinyoosha, baina yao hata shibiri hakuna. Hiyo ndo dalili unayoingoja, kalenda yakusaidia tu.

Siku ya kuwafungulia chagua alasiri, saa kumi na moja hivi, ili wabakiwe na muda mfupi kabla ya giza, na siku hiyo usiwe na safari. Mwaga mtama kila mahali badala ya chungu moja, ning'iniza kabeji zima kwa kamba wawe na cha kudonoa, weka maji pahali patatu na vyombo visionane, manake mkubwa anaweza kulinda beseni moja lakini hawezi kulinda matatu. Bati kuukuu ukiliegemeza ukutani ni kimbilio zuri, lakini pande zote mbili ziwe wazi, kimbilio la mlango mmoja ni mtego. Hapo kwako nyuma ya tangi pazibe ama upanue, hiyo kona ndo iliyomponza polishi.

Kufukuzana kutakuwapo, donoa ya haraka na mgeni anakimbia, hiyo acha, wanapangana. Kuku wana ngazi, kila mmoja ajua amtanguliaye na amfuataye, mtu wa kwanza kuichunguza kwa vitabu ni Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei mwaka 1921, lakini bibi zetu walikuwa wanaiona kila siku uwani. Ukiingiza wageni ngazi nzima yavunjika na yajengwa upya, siku chache zapita yatulia. Unachotakiwa kuingilia ni damu, ama kuku mmoja kumkalia mwenzake na kuendelea kumdonoa, ama mgeni kunyimwa chakula kutwa nzima. Na ukiingilia, mtoe mwonevu, usimtoe anayeonewa! Hapa wengi hukosea. Anayeonewa ukimtoa akirudi ni mgeni tena, lakini mwonevu ukimtenga siku tatu pahali asipowaona wenzake, akirudi yeye ndo mgeni, cheo kimeshachukuliwa.

Kuna jambo dogo ambalo lingewaokoa wageni wako usiku ule wa kwanza. Shika makasi madogo yenye ncha butu, mtu mwingine amshike polishi ndani ya kanga, upunguze manyoya yanayomfunika macho, vivyo hivyo na silki. Kuku hawa hawaoni juu wala kando, haoni adui akija, wala haoni ile ishara ya mkubwa ya kuinua kichwa kumwambia toka, basi mkubwa adhani amedharauliwa na ampiga. Mimi nilipopunguza manyoya, tembe ambaye alikuwa akipigwa kutwa alianza kukimbia mapema, na ugomvi ukawa nusu.

Kulala pia panga mapema. Silki hapandi mti wa kulalia, hulala chini wamebanana kama paka, na wenyeji wako wakiwa juu watawanyea usiku kucha. Watengee kona yenye paa lake la ubao. Na manyoya yao hayazuii maji hata kidogo, mvua ya masika ikimnyeshea dakika kumi ni kama umemtosa ndoo, kwa hivyo wasikose kuwa na pa kukimbilia pakavu. Jogoo wako mchunge wiki za mwanzo, mtetea wa silki ni mwepesi, kilo moja hivi, ukiona amechubuka mgongoni watenganishe.


SWALI: Shangazi shikamoo. Nataka kuongeza brahma wawili kwa kuku wangu hapa Likoni lakini watu waniambia watakufa kwa joto. Ni kweli?
Kijana wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawafi ukiwatunza, lakini mimi kwa mapenzi yangu nisingekushauri kununua wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi. Brahma ni mzito, jogoo hupita kilo nne, amevaa manyoya mpaka vidoleni, na kuku hana jasho, hupunguza joto kwa kuhema na kwa undu, na undu wa brahma ni mdogo sana. Mpe kivuli cha makuti badala ya bati tupu, maji ya baridi saa sita na saa tisa, na tikiti lililopoa. Miguu yake ikague kila wiki, utitiri wa miguu huingia chini ya magamba yakainuka kama ukoko, na kwa yale manyoya hutaona mpaka ushike. Pakaza mafuta mazito, vaselini ama mafuta ya nazi, kila siku mbili kwa wiki kadhaa, yanauziba utitiri pumzi.

Na kama unachotaka ni urembo, mbona usitazame wa kwetu? Kidimu mwenye manyoya ya kupinda na kishingo mwenye shingo tupu, wote wawili maumbile yao yanatoa joto nje, jua la Mombasa wamelizoea, na kidimu mweusi akisimama juani hakuna asiyegeuka kumtazama. Ila usimzalishe kidimu kwa kidimu, robo ya vifaranga hutoka na manyoya dhaifu yanayokatika wakabaki uchi. Mpandishe na kuku wa kawaida, utapata nusu vidimu.


SWALI: Nimeona vifaranga vya silki vya wiki tatu, naweza kuwachanganya na mitetea yangu mikubwa?
Dada wa Bamburi

JIBU: Hapana dadangu. Mtetea asiye mama yao atawaua, na hata asipowaua kunguru watawamaliza, kunguru wa Bamburi wachukua kifaranga mbele ya macho yako na wewe umeshika ufagio. Wafunike kwa waya mpaka wawe karibu na ukubwa wa wenzao, miezi mitatu minne kwa wastani, na silki hukua polepole basi ngoja zaidi. Wakati huo chakula kile cha kuku wa kutaga kisiwafikie, kina chokaa nyingi na figo za kuku mdogo haziwezi. Wakija kuungana wape wote chakula cha wanaokua, na maganda ya chaza yaliyopondwa weka kando kwenye kopo, anayetaga atakwenda kujichukulia mwenyewe.