Miksa ya analojia badala ya intafesi

Ndugu, umeuliza kama miksa ya analojia isiyo na USB inaweza kurekodi maiki na gitaa kwenye kompyuta. Inaweza, lakini haifanyi kazi yote ya intafesi, yaani kifaa kinachopokea maiki na gitaa, kuigeuza sauti iwe dijitali na kuipeleka kwenye kompyuta. Miksa inakuza sauti ya maiki na, kama inatoa umeme wa volti 48, inaendesha maiki ya kondensa, aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi. Kuigeuza sauti iwe dijitali kunabaki kwa kadi ya sauti ya kompyuta.

Toa sauti kwenye tundu za RCA za kurekodia za miksa (zile za duara, moja ya kushoto na moja ya kulia), uingize kwenye tundu la "line in" la kompyuta, yaani la kupokea sauti iliyokwisha kukuzwa. Usichomeke kwenye tundu la maiki la laptopu: kwa kawaida ni la chaneli moja na linatarajia sauti hafifu, kwa hiyo sauti ya miksa itakwaruza kwa urahisi. Kama laptopu haina "line in", nunua kigeuzi kidogo cha USB chenye tundu za kuingiza sauti ya kushoto na kulia.

Hapa ndipo watu wengi hukwama: kompyuta inapokea chaneli mbili tu, hata kama miksa ina kumi. Ukichanganya vibaya, huwezi kutenganisha baadaye. Mimi hupeleka maiki kushoto kabisa na gitaa kulia kabisa, kisha kwenye programu nazigawa kuwa treki mbili za mono, yaani za chaneli moja moja. Inafanya kazi vizuri sana.

Na sauti inayorudi kutoka kompyuta isipitie chaneli inayokwenda kurekodiwa, la sivyo utapata mlio. Sikiliza kwa hedfoni kutoka kompyuta moja kwa moja.