Kupolishi shaba na meleze? Chomoa fishi ya umeme kwanza!

Mudogo, chomoa hiyo meleze, mashine ya mkono ya kukatia vyuma, sasa hivi. Umeandika unataka kufunga gurudumu ya pamba kwenye meleze ili sahani ya shaba ya mama ing'ae, unauliza pati gani, ile dawa ya kupakaza kwenye gurudumu ya kung'arisha, na namna ya kuzuia weusi usirudie, na eti muuzaji amekuambia "inaingia". Ndiyo, inaingia. Hata ya kwangu iliingia.

Miye niko Lubumbashi, Kamalondo, nafanya tablo, picha za shaba za kugonga na nyundo. Nilikuwa na komande moja, tembo na watoto wawili, wiki tatu za kazi. Muuzaji akanipa gurudumu ya milimita 125, akaapa gurudumu ni gurudumu. Muongo! Kwenye ile karatasi ya katikati ya gurudumu kuliandikwa 3,000, vidogo kama mayai ya chawa, na meleze yangu 11,000. Hizo ni turu, mizunguko, kwa dakika. Utasema inazidi mara tatu na kitu tu, kumbe nguvu ya kurarua pamba inapanda mara 13, na ukingo wake unakimbia mita 72 kwa sekunde, wewe umeinamia pale pale na uso wako.

Haikufika dakika. Harufu ya nguo inayoungua, moshi, nyuzi zinaruka, kisha pamba ikadaka kona ya tablo ikanipokonya, pa! ukutani. Mkonga wa tembo ulijikunja kama mfuniko wa mkebe wa sardini, kidole gumba kikafunguka mpaka nikaona weupe. Pesa ya kliyan nilirudisha yote, mwezi mzima sikushika nyundo. Nikamurudilia yule muuzaji na bandeji yangu, akanambia "ulikandamiza sana". Nilikandamiza! Na bado anauza zile zile. Wenye kucheka mucheke, lakini mukasome kwanza namba za meleze zenu.

Namba ya gurudumu isiwe chini ya namba ya mashine. Basi. Haina namba, usinunue. Tafuta moteri ya meza, ile ya turu 2,800 hivi, shaba uishike upande wa chini wa gurudumu, kona itazame kule pamba inakokwenda, si inakotoka. Lunete ya kukinga macho vaa, glavu hapana, pamba inavuta glavu na mkono ndani. Pati ya kahawia kwanza kisha nyekundu, kila moja na gurudumu yake.

Piga foto ya ile karatasi ya katikati uitume hapa, mbele ya kuwasha kitu chochote.