Je, mtu wa kubonyeza kitufe anatosha?
Ndugu yangu, umeuliza kama hatari inaisha pale akili bandia inapochagua shabaha ya kushambuliwa vitani lakini mwanadamu ndiye anayeidhinisha. Kwangu haiishi. Kinachonitia hofu ni muda anaopewa mtu huyo kufikiri.

Mkumbuke Stanislav Petrov, ofisa wa jeshi la Kisovieti aliyekuwa zamu kwenye mitambo ya kugundua makombora. Usiku wa Septemba 26, 1983, mitambo ya Kisovieti ilimwonyesha makombora matano yakitoka Marekani. King'ora kinalia, maandishi mekundu yanawaka mbele yake. Akajiuliza: nani huanzisha vita vya nyuklia kwa makombora matano tu? Akaripoti hitilafu, na kweli setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu.

Sasa mpe ofisa mlolongo wa majina ya watu ambao akili bandia imewachagua washambuliwe, kila moja aliidhinishe kwa sekunde chache. Huyo haamui tena, anagonga muhuri tu. Akiuawa asiyehusika, kamanda atasema ni programu, aliyeiunda atasema ni kamanda. Mashine haipandi kizimbani.

Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha zinazojiendesha zenyewe kwa kura 152, ila halina nguvu ya kisheria. Tunahitaji mkataba unaobana, na haraka.