Makundi ya galaksi ya mbali yanatambuliwaje?
Mwalimu wa Arua, Uganda, umeuliza wanaastronomia wanajuaje vile vidoa vya nuru vya mbali ni kundi la galaksi kweli, si galaksi zilizopangana tu machoni petu. Jibu ni gesi. Kundi halisi limejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, nayo hutoa eksirei. Zilizopangana kwa bahati hazina gesi hiyo.

Ila eksirei hufifia kwa umbali. Kwa yale ya mbali kabisa, mimi naona njia tamu zaidi ni ya kivuli: mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ungali mchanga ukipita ndani ya gesi hiyo, huacha alama kwenye mawimbi ya redio mafupi sana, ya milimita chache, na alama hiyo haififii hata kundi liwe mbali vipi. Ndivyo darubini ya Atacama, Chile, ilivyolinasa kundi liitwalo El Gordo, ambalo nuru yake imesafiri miaka zaidi ya bilioni 7. Umbali wenyewe hupimwa kwa kuangalia nuru imevutika kiasi gani kuelekea wekundu.

Wanafunzi waanze na kundi la jirani, Virgo, miaka ya nuru milioni 50 na kitu. Mwezi wa nne, mvua ikikubali, usiku linapita karibu na utosi hapo Arua. Kwa darubini ndogo tu M87, galaksi kubwa ya kundi hilo, huonekana kama ukungu.