Maswali na Majibu: Punda wa Dobi na Safari za Ngano

Shikamoo Mwalimu. Katika somo la fasihi linganishi nimepewa kazi ya kulinganisha ngano za nchi mbili. Nimeorodhesha yote yanayofanana, lakini mhadhiri kaandika tu: "Halafu?" Nifanyeje? (Morogoro)

Marahaba. Mhadhiri wako kauliza la maana. Kufanana ni kibali cha kuanzia kazi. Habari yenyewe imo kwenye tofauti.

Chukua Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Unguja. Kima juu ya mkuyu anamtupia matunda rafiki yake papa. Siku moja papa anampakia mgongoni kumpeleka kwao, na wakiwa baharini anafichua siri: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Mbona hukusema mapema, anajibu kima, sisi mioyo yetu huiacha mtini!

Sasa fungua Panchatantra, mkusanyiko wa ngano za kale za India. Mhusika wa majini huko ni mamba, na anayeutaka moyo, kwa wivu, ni mkewe. Katika Kalila wa Dimna, ngano hizohizo za India alizozitia Kiarabu Ibn al-Muqaffa karne ya 8, ni kobe, na mke bado yumo. Kufika Unguja, mke hayupo tena, na sultani ndiye anayedai moyo. Wivu wa nyumbani umegeuka shida ya mfalme. Kwa nini? Swali hilo linatosha tasnifu nzima.

Halafu tazama kilichogoma kubadilika. Akisharudi salama mtini, kima anamsimulia papa ngano nyingine, ya punda anayelaghaiwa mpaka akaliwa na simba. Mlaghai wa India ni mbweha. Kwetu ni sungura, kama ungetarajia. Lakini mwenye punda kote huko ni dobi. Huyo dobi aliyevuka lugha zote hizo bila kubadili kazi, mimi ananishangaza kuliko sungura.

Je, lazima nithibitishe kuwa mwandishi mmoja alimsoma mwenziwe? (Mombasa)

Wanazuoni wa Ufaransa wa zamani wangekujibu ndiyo, lete ushahidi. Mwaka 1958 mhakiki René Wellek aliupinga vikali mtindo huo, akiona umegeuka daftari la madeni ya mataifa. Mimi husema: inategemea unachodai. Ukiandika kwamba Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, anafanana na Sherlock Holmes, kurasa zenyewe zinakutosha. Ukidai "aliiga", hapo utaulizwa ushahidi.

Nasoma kazi za nje kwa tafsiri tu. Nimo au simo? (Bukavu)

Umo. Shaaban Robert mwenyewe alimtia Omar Khayyam, mshairi wa Kiajemi, katika Kiswahili, kitabu kikatoka 1952, akipitia Kiingereza cha FitzGerald badala ya Kiajemi. Sharti ni moja: taja tafsiri unayoitumia, na mhesabu mfasiri kuwa mwandishi wa tatu mezani. Nawe huko una Kifaransa, mlango ambao wenzako wengi wa Dodoma hawana.

Fasihi linganishi si njia nyingine ya kuturudisha kwa Wazungu? (Eldoret)

Inaweza kuwa, ukianzia kwao kila siku. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu, Nairobi, ivunjwe. Wengi hukumbuka kuvunja tu. Waandishi hao walitaka Afrika iwe kitovu, kisha fasihi nyingine, ya Ulaya ikiwamo, zisomwe kutokea hapo. Msimamo huo naukubali bila kupunguza neno.

Mwandishi Abdulrazak Gurnah ni wetu au wa Waingereza? (Unguja)

Tuzo ya Nobel ya 2021 imewagombanisha wengi kwa swali hili, na kwangu halina faida kubwa. Anaandika kwa Kiingereza, kazaliwa Unguja, basi. Afadhali usome riwaya yake Paradise ya 1994, au Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, huku Sura ya Yusuf iko wazi pembeni. Kijana wa riwaya naye anaitwa Yusuf. Yule wa Qur'ani alitumbukizwa kisimani na ndugu zake kwa wivu; huyu anatolewa na baba yake mzazi kufidia deni kwa mfanyabiashara aliyezoea kumwita ami. Anzia hapo.