Folda za pamoja nyumbani: funga mlango namba 445

Dada, umeuliza kama folda ya picha za harusi mnayotumia pamoja hapo nyumbani Milimani, Kisumu, inaweza kuingiliwa na watu wa nje. Inaweza, iwapo rauta yenu imeacha wazi mlango namba 445, yaani njia ya mtandao (port) ambayo Windows huitumia kwa folda za pamoja. Ukiukuta wazi kuelekea intaneti, ufunge leo leo. Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilipitia hapo hapo kwenye kompyuta zisizosasishwa, ikafunga faili za watu na kudai pesa, kwa hivyo masasisho nayo usiyaahirishe.

Halafu tazama ruhusa za folda: ukiona "Everyone", iondoe, uweke jina la kila mtu wa nyumbani na nenosiri lake.

Laptopu ndiyo hunitia wasiwasi zaidi. Niliwahi kuunganisha yangu na Wi-Fi ya saiba moja Kondele, kijana wa meza ya pili akaniuliza, "Hizi risiti za chama ni zako?" Alikuwa anazisoma kwenye skrini yake! Siku hizi kila Wi-Fi ya nje naiweka "Public" kwenye mipangilio ya Windows, ili folda zangu zisionekane na wengine. Picha za harusi ziwekee nakala kwenye flashi, kisha uichomoe.