Kifaransa Kianzie kwenye Kiswahili Chako

Mdogo wangu uliyeingia kidato cha kwanza hapa Bagamoyo, au kule Kiwangwa na Chalinze, ukiambiwa shuleni kwenu kuna Kifaransa, Kiarabu au Kichina, chukua. Usisikilize wanaosema ni mzigo wa bure. Mimi nilichukua Kifaransa, na leo kazi yangu ni kuwatembeza wageni Kaole, Mji Mkongwe na Misheni. Nina ushauri mmoja mkubwa wa kukupa: jifunze lugha hiyo ukitokea kwenye Kiswahili, usiipitishe kwenye Kiingereza.

Sekondari zetu nyingi zinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo hata sarufi ya Kifaransa huelezwa kwa Kiingereza. Mtoto ambaye Kiingereza chenyewe bado kinamsumbua anabebeshwa lugha mbili kwa mara moja. Ni sawa na mtu wa Dunda anayekwenda Kaole kwa kupitia Msata. Atafika, lakini amechoka, na wengine hurudi njiani.

Tazama jinsi lugha hizi mbili zinavyokaribiana. Sisi tunasema "gari jekundu", jina kwanza, sifa baadaye. Mfaransa anasema "voiture rouge", mpangilio uleule. (Sifa chache, kama ndogo na nzuri, hutangulia, hizo utazizoea.) Sisi tunajua tangu utotoni kwamba kivumishi hubadilika kufuata ngeli ya jina lake: kitabu kizuri, vitabu vizuri, nyumba nzuri. Mfaransa naye hugawa majina yake, ila makundi yake ni mawili tu, ya kiume na ya kike. Mtu aliyekua na ngeli zetu zote hana sababu ya kuogopa mbili.

Halafu kuna umilikishi, ambao ndio unaoangusha wengi. Ukitafsiri kutoka Kiingereza, unajiuliza mwenye kitabu ni mwanamume au mwanamke. Nimewasikia wanafunzi wakisema "sa livre" kwa sababu mwenyewe ni msichana. Sasa fikiri kwa Kiswahili: kitabu chake, meza yake. Je, "chake" kinajali kama mwenyewe ni Juma au Asha? Hakijali, kinafuata kitabu. Kifaransa vivyo hivyo: "son livre", "sa table", awe Juma au awe Asha. Na ukisema "nakuona", yule anayeonwa umemweka kabla ya kitenzi. Mfaransa anasema "je te vois": mimi, wewe, kuona. Kila nikimweleza mwanafunzi jambo hili, uso wake hubadilika. Anagundua kwamba kumbe nusu ya somo anayo tayari nyumbani.

Kwa hiyo weka daftari lako la pembeni. Upande mmoja Kifaransa, upande wa pili Kiswahili, na Kiingereza cha katikati kisiwepo. Andika sentensi nzima, si neno mojamoja. Kwenye saa kuwa makini sana: saa mbili asubuhi kwao ni "huit heures".

Matamshi nayo tunayo. "R" ya Kifaransa inayowatesa watu inakaribia sana "gh" ya ghali na lugha, na mtu wa pwani anaitamka bila shida. "U" ya "tu" (wewe) inataka midomo ya u na ulimi wa i; ifanyie mazoezi kwa sauti. Kama umepita chuoni, yaani madrasa, unajua namna yake: ulimsikiliza mwalimu, ukarudia, akakusahihisha, ukarudia tena mpaka herufi ikakaa mahali pake. Mbinu ile ni bora kuliko kukodolea macho orodha ya maneno usiku wa kuamkia mtihani.

Njia hii si ngeni hapa mjini. Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868. Mwenzao mmoja, Charles Sacleux, aliishi pwani hii na kusikiliza namna watu wa kila sehemu wanavyosema Kiswahili, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris mwaka 1939. Yeye alikwenda moja kwa moja kutoka lugha hadi lugha. Sisi tunaweza kwenda upande wa pili.

Lugha utakayojifunza bila adabu zake itakuumbua. Mfaransa akiingia dukani husema "bonjour" kwanza. Ukimrukia na bei kabla ya salamu, anaona umemkosea. Kwetu pia hodi na salamu hutangulia, kwa hiyo mchukulie kama ungemchukulia mtu wa mtaani kwako. Ila usidhani "vous", yaani "wewe" ya heshima, ni shikamoo. Shikamoo inatazama umri, "vous" inatazama pia kama mnajuana. Kijana wa rika lako usiyemjua mwanzie na "vous", akikwambia mtumie "tu", sawa.

Wala usidhani Kifaransa ni cha Paris peke yake. Kipo Kongo, Burundi na Komoro, kwa jirani zetu kabisa. Mkongomani wa Lubumbashi ana Kiswahili na Kifaransa vyote viwili, na kwangu hakuna mtu bora wa kufanya naye mazoezi, kwa sababu ukikwama anakuokoa kwa Kiswahili. Atakwambia "septante" kwa sabini, na Mfaransa atasema "soixante-dix". Zishike zote. Nyumbani sikiliza taarifa ya habari ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, kwa Kiswahili, kisha itafute ya siku hiyohiyo kwa Kifaransa. Habari ukishaijua, masikio yanapata nafasi ya kushughulika na maneno.

Waliochagua Kiarabu wana bahati zaidi. "Mwenzako" na "mwanangu" zimekwisha kuwazoesha kubandika mwenyewe mwishoni mwa neno, kama "kitabuka", kitabu chako. Kichina kinataka sikio la toni nne, na hapo Kiswahili hakisaidii sana, lakini swali lao ni sentensi ileile ikiongezewa "ma" mwishoni, kama sisi tunavyoweka "je" mwanzoni.

Wazazi huniuliza cheti. Mtihani wa Kifaransa uitwao DELF una ngazi nne, A1 hadi B2, unatolewa na wizara ya elimu ya Ufaransa, na Alliance Française ya Dar es Salaam inaandaa watahiniwa. Mtoto wa kidato cha pili aliyesoma vizuri aanze na A1. Ada muulizie mapema, na mwezi mmoja kabla ya mtihani mtafutieni mtu wa kuzungumza naye kila jioni, kwa sababu sehemu ya mazungumzo ndiyo ambayo daftari haliwezi kumwandalia.